Diski haionekani kwa USB: waya pekee, adapta ya pawa, kesi au desktopu?

Umetoa diski kwenye laptopu iliyokufa au kwenye DVR (lile boksi la kurekodi) ya kamera za duka, ukaichomeka kwa adapta ya USB, ka-taa kakawaka vizuri kabisa, lakini kompyuta imenyamaza, hakuna diski imetokea. Hapo ndio watu wanakwama, manake njia za kuunganisha diski ni nne hivi na kila muuzaji pale kwa arkedi za Kampala atakuambia yake ndio inafanya, mwingine tayari anakushauri ununue diski mpya, na ndani ya hiyo unayotaka kutupa kuna video ya kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya dadako ama mahesabu ya biashara ya miaka mitano. Sasa tulinganishe hizo njia nne polepole, ili hela yako iende mahali inasaidia na data isipotee kwa haraka.

Kwanza lazima tukubaliane juu ya neno "haionekani", ju watu wanaita mambo matatu tofauti kwa jina moja. Kuna diski ambayo haizunguki kabisa, hiyo ni habari ya pawa ama mota. Kuna inayozunguka lakini kompyuta haijui kama ipo, hapo shida iko kwa waya, tundu, chipu ya adapta ama bodi ya diski yenyewe. Alafu kuna ambayo kompyuta inaijua vizuri ila wewe huioni pale unapofungua mafaili, hiyo mara nyingi diski haijafa hata kidogo, imekosa tu herufi yake (kama D: au E:) au ina mpangilio ambao Windows haisomi.

Ya tatu ndio rahisi kupima na haitaki shilingi yoyote. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, subiri orodha ijae. Ukiona diski iko pale chini na ukubwa wake ni sawa na ule ulioandikwa kwenye lebo, adapta yako imefanya kazi, usinunue nyingine. Kama ina partisheni (kipande cha diski) nzima bila herufi, bofya kulia uipe herufi, umemaliza. Ila kama Windows inakuletea dirisha inataka ui-inishialaizi (uiandae kama mpya), au ufomati ndio uweze kuitumia, ndugu yangu gonga "Cancel" na utoe mkono. Diski ya DVR nyingi zinaonekana hivo hivo kwa sababu DVR ina mpangilio wake, diski iliyotoka kwa Linux au Mac pia hivo, na zote ziko nzima. Ile inayoonyesha kufuli ni BitLocker, inataka ufunguo wake wa tarakimu 48, hakuna adapta ya kuipita hiyo.

Ikiwa hata kwenye hiyo orodha haipo, ama ukubwa unasema 0, ndio sasa tunalinganisha. Nitaangalia mambo manne kwa kila njia: inaipa diski pawa ya kutosha? Inakupa jibu la wazi kuhusu shida iko wapi? Data iko salama kiasi gani ukiitumia? Na gharama pamoja na hali ya umeme wetu, manake kuna ushauri wa intaneti umeandikwa na watu ambao stima yao haijawahi kukatika katikati ya kukopi.

Adapta ya waya pekee

Hii ndio ile fupi, upande mmoja USB upande mwingine SATA (ule mdomo wa diski yenyewe), haina chaja yake. Pawa yote inatoka kwa tundu la USB, yaani volti 5 basi. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatakiwa kutoa miliampi 500, la USB 3.0 miliampi 900. Sasa geuza diski yako usome lebo. Diski ya inchi 2.5, ile ya laptopu, itakuandikia 5V alafu ampi fulani, nyingine 0.55 nyingine 1.0, na pale inapoanza kuzunguka ndio inavuta nyingi zaidi. Kama lebo inataja 12V na 5V zote mbili, hiyo ni inchi 3.5 ya desktopu ama ya DVR, na kwa waya pekee haitazunguka hata ukiombea, sababu USB ya kawaida haina volti 12. Nimeona watu wengi wakilia na diski ya DVR kwa waya ya aina hii, na diski haina kosa lolote.

Pawa ikiwa kidogo dalili zake ziko wazi ukisikiliza. Weka diski kwenye kiganja, ichomeke: diski yenye afya inatetemeka kidogo, alafu inatulia na kubaki na mvumo mwembamba usiokatika. Yenye njaa ya pawa inaanza, inakata, inaanza tena, au inatoa ka-mlio kama biip na haizunguki. Kabla ya kuilaumu, toka kwa hab (kigawanyo cha matundu ya USB), toka kwa waya ya kurefusha, toka kwa matundu ya mbele ya desktopu uende ya nyuma yaliyo kwa madabodi moja kwa moja, tumia tundu la buluu kama lipo. Kuna waya zenye vichwa viwili vya USB ili kuvuta pawa kutoka matundu mawili, na kuna hab zenye chaja yake, zote zinasaidia.

Kwa kukupa jibu, hii ni dhaifu kiasi. Ikikataa hujui kama ni pawa, chipu ama diski. Katikati ya waya kuna chipu inayofanya kazi ya mkalimani, diski inaongea SATA, kompyuta inaongea USB, na mkalimani akiwa mbovu wote wawili wataonekana mabubu wakati wako sawa. Za bei ya chini kabisa nyingine haziwezi kupita TB 2, ndio unaona diski ya TB 3 inasema ni GB 746. Kwa Linux unaweza ukachungulia, andika dmesg baada tu ya kuchomeka, kama inajaa maneno ya uas (njia ya kasi ya USB kuongea na diski) na reset, chipu haielewani na drayva, unaweza kuizima hiyo uas kwa kutumia usb-storage.quirks na mara nyingine inatulia kabisa.

Lakini ina faida moja ambayo huku kwetu ni kubwa: stima ikipotea ama tokeni za Yaka (umeme wa kulipia kabla) zikiisha usiku, laptopu ina betri, na diski inakula kwa betri hiyohiyo, kukopi kunaendelea. Pia ndio rahisi kuliko zote na iko kila mahali, hata nje ya Kampala hukosi mtu anayeiuza. Inamfaa mwenye SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA au diski ya inchi 2.5 iliyo nzima, anataka kutoa mafaili yake aondoke. Diski kubwa au inayoumwa, hapana.

Adapta yenye pawa yake, na doki

Hapa kuna chaja, kwa kawaida volti 12 ampi 2, inaingia kwa adapta ama kwa doki ile ya kusimamisha diski wima. Inachukua inchi 3.5 na 2.5, na zingine zina hadi mdomo wa IDE kwa zile diski za zamani zenye pini 40, ambazo mafundi bado wanaletewa kutoka kwa kompyuta za shule na ofisi. Ukiwa na IDE, kumbuka ka-jampa ka master na slave nyuma ya diski, kakikaa vibaya adapta inaweza isiione kabisa.

Faida yake kubwa ni kwamba unaweza kutenganisha pawa na USB. Washa pawa kwanza bila kugusa kompyuta, sikiliza, shika. Imezunguka ikatulia? Basi mota na pawa ziko sawa, sasa chomeka USB. Haijazunguka? Kabla ya kusema diski imekufa jaribu chaja, manake hizi chaja zinazokuja na adapta ndio kitu cha kwanza kuharibika, ka-taa kanaweza kuwaka na bado ampi hazitoshi kuzungusha sahani za ndani za diski ya inchi 3.5. Ukiwa na diski nyingine unayoijua ni nzima, iweke hapo dakika 2, utapata jibu.

Na hapa naomba unisikilize sana. Chaja ya adapta ikipotea usichukue yoyote ile ambayo mdomo unaingia. Chaja ya ruta inaweza kuwa volti 9, ya laptopu 19, mdomo uleule kabisa, na ukiweka 19 pale panapotaka 12 unachoma bodi ya diski na data yako inageuka kazi ya maabara. Soma volti, soma pia kale ka-mchoro ka chanya na hasi, vyote vilingane. Ampi zikizidi haina neno, volti ndio zisizidi.

Kwa usalama wa data kuna mambo mawili ya doki. Doki za nafasi mbili nyingi zina kitufe cha kukloni bila kompyuta, ukiweka diski ya zamani upande wa kupokea alafu ukabonyeza, inaandikwa juu yote. Kama huna haja na hicho kitufe weka diski moja tu kwa wakati. La pili ni kwamba baadhi ya doki na kesi, hasa za miaka ya nyuma, zinageuza saizi ya sekta kutoka baiti 512 kwenda 4096 ili diski kubwa zikubalike, kwa hiyo diski iliyofomatiwa ndani ya doki hiyo ukiipeleka kwingine inaonekana tupu au RAW (haina mpangilio unaosomeka). Haijafutika. Irudishe kwa doki ileile iliyozoea.

Upande wa umeme, hii ndio inakosa kile waya pekee inacho. Stima ikienda, laptopu inabaki imewaka lakini diski inazimika hapohapo katikati ya kazi, na diski inayoumwa haipendi kuzimwa hivo. UPS ndogo, hata ya zamani yenye betri ya dakika 10, itakupa nafasi ya kusimamisha vizuri. Bei yake iko juu ya waya pekee ila kwa fundi, kwa mtu wa studio, kwa wale wa kuchapa pale Nasser Road wenye diski za kazi za wateja zimejaa droo, mimi naona inajilipa haraka. Kwa mtu wa diski moja tu, azima kwa rafiki.

Kesi ya nje

Kesi ni lile boksi la plastiki au alumini unaloweka diski ndani ikawa diski ya kubeba. Ndani yake kuna chipu ya mkalimani vilevile, kwa pawa kesi ya inchi 2.5 ina masharti yaleyale ya USB na ya inchi 3.5 ina chaja yake, kwa hiyo sitarudia. Tofauti ni kwamba diski imekaa, haichezi. Waya pekee ikining'inia mezani, mtoto akipita akaivuta, mdomo wa SATA unalegea na diski inaonekana inapotea, inaonekana inapotea. Kesi inaondoa hiyo, na inalinda diski kwa boda na kwa begi.

Kwa kupima shida lakini ni mbaya, umefunika kila kitu huwezi kushika wala kusikia vizuri. Diski ambayo bado hujui hali yake usiifungie humo.

Wenye SSD ndogo za M.2 ndio wanachanganyikiwa zaidi hapa. Vijiti vinafanana kwa macho ila vingine ni SATA vingine ni NVMe (lugha nyingine ya SSD, ya kasi zaidi), na kesi ya NVMe pekee haitaona ya SATA, wala ya SATA haitaona NVMe, hata kama imeingia. Kijiti chenye mikato miwili kwa kawaida ni SATA, chenye mkato mmoja upande wa M mara nyingi NVMe, lakini hakikisha kwa namba ya modeli. Kuna kesi zinazokubali zote, zile zenye chipu kama RTL9210B, ukipata hiyo umepona na kubahatisha.

Alafu kuna kisa cha kinyume: mtu ana diski ya nje ya kiwandani, imeacha kuonekana, anaipasua atoe diski ya ndani aiunganishe kwa adapta. Baadhi ya diski hizo za inchi 2.5 hazina SATA kabisa, USB imechomelewa kwa bodi. Na modeli nyingi za My Book na My Passport za WD zinafumba data kwa chipu ya kesi yenyewe hata kama hukuwahi kuweka nywila, ukiitoa utaona vurugu tu. Kwa hiyo usitupe bodi ndogo ya kesi ya zamani, inaweza kuwa ndio ufunguo. Jaribu kwanza kubadilisha waya ya USB, ile ya mdomo mpana inalegea mapema kuliko kitu kingine chochote, na watu wanapasua kesi nzuri kwa sababu ya waya.

Ndani ya desktopu, SATA moja kwa moja

Zima kompyuta, chomoa ukutani, fungua ubavu, chukua waya ya data ya SATA na ya pawa kutoka kwa pawa saplai, ingiza diski, washa, ingia BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka). Hapa hakuna mkalimani tena. Kama jina la modeli linatokea kwenye BIOS na ukubwa sahihi, umeshajua diski inaongea na kosa lilikuwa la adapta. Kama inazunguka vizuri lakini BIOS haioni, baada ya kubadilisha waya na tundu na kuhakikisha tundu lenyewe halijazimwa kwa BIOS, basi shida iko ndani ya diski. Kwa uwazi wa jibu hakuna njia inayofikia hii kati ya hizi nne. Na ripoti ya afya, SMART, inasomeka bila kubahatisha, wakati adapta zingine haziipitishi. Fungua CrystalDiskInfo uangalie namba 05, C5 na C6, zikiwa na thamani na zinapanda, kopi data leo.

Lakini ina mitego. Windows ikiwaka inaweza kuanza kuikagua diski yenyewe kwa chkdsk, na chkdsk kwa diski inayoumwa ni kuisumbua na kuandika juu yake, kwa hiyo ukiona inahesabu sekunde gonga kitufe uikatize. Kama diski ina Windows ya zamani ndani, kompyuta inaweza kuwaka kutoka hapo, chagua ya kuwashia ndani ya BIOS. Na diski zilizotolewa kwenye kesi za nje, zile za lebo nyeupe, baadhi zinagoma kuzunguka kwa sababu pini ya tatu ya pawa ya SATA inapata volti 3.3 na diski mpya zinaisoma hiyo kama amri ya kulala. Kupitia kigeuzi cha Molex (plagi ya pawa ya zamani yenye pini nne) kwenda SATA inaamka, manake Molex haina 3.3.

Gharama? Ukiwa na desktopu ni waya tu. Usipokuwa nayo, ya ofisini au kwa sayba ya mtaani inatosha, ila kaa hapo hapo. Umeme ukikatika kila kitu kinazimika pamoja, UPS ni lazima. Inamfaa mwenye diski ya inchi 3.5, au yeyote aliyejaribu USB mbili na bado hajui.

Sasa uchague vipi

Diski ya laptopu, laptopu yenyewe ndio iliyokufa na diski ilikuwa sawa jana: waya pekee, tundu la USB 3.0, na anza na mafaili ya maana kabla ya filamu.

Diski ya DVR au ya desktopu: usipoteze muda na waya pekee. Adapta yenye volti 12 ama desktopu ya jirani. Ya DVR uliyotaka ushahidi wa wizi, mara nyingi njia nzuri zaidi ni kuirudisha kwa DVR ileile au ya modeli moja uchukue video kutoka hapo.

Inazunguka sawa, imekataa adapta moja: badilisha waya, tundu na kompyuta, alafu desktopu. Usinunue adapta ya pili ya aina ileile.

Inaonekana inapotea, au inakopi polepole sana hadi inaganda: hiyo tayari inaomba msaada. Usiikague, usiifomati, usiiache imewaka usiku. Ukijua Linux kidogo tumia ddrescue, itoe nakala nzima kwenda diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi, kwa SATA ya moja kwa moja ikiwezekana, alafu ufanye majaribio yako yote kwa nakala.

Inagonga tak-tak-tak, au imeanguka: chomoa sasa hivi. Hakuna adapta, doki wala kesi itasaidia, na kila ukiiwasha vichwa vinaweza kuendelea kukwaruza sahani. Usimruhusu mtu yeyote afungue kifuniko mezani "kuangalia tu", vumbi la chumba linatosha kumaliza kilichobaki. Hapo uamuzi unabaki mmoja, data hii ina thamani ya kulipia wataalamu wa kuokoa data au la.

Uko Arua, Gulu au Kabale na unaituma kwa fundi Kampala: ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, zungushia sponji pande zote, iende na mtu mkononi ndani ya basi badala ya buti la chini na magunia. Bandika karatasi juu yake kwa herufi kubwa: "Fundi, tafadhali usifomati, usifanye chkdsk, niambie kwanza kama BIOS inaiona na inasema ukubwa gani." Akikupigia na majibu ya hayo mawili, mtaongea bei mkijua mnaongelea nini.